Mtani Hashtakiwi

Sikugombea ujumbe wa nyumba kumi. Walinichagua siku niliyokwenda kumzika shangazi yangu, na niliporudi nikakuta kibendera kimeshachomekwa juu ya mlango wangu. Jirani aliyenipokea mzigo akaniambia nisikasirike. Wamenichagua, akasema, kwa sababu najua kusoma, sina mume wa kunikataza, na si mtu wa maneno mengi. Hilo la mwisho ni uongo. Maneno ninayo tele, ila siku zile nilikuwa nayabana kwa uchovu, na watu wa Tabora wakadhani ni hekima.

Kazi yangu ilikuwa kushona. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la Mhindi mmoja muuza vitambaa, mzee mpole aliyependa redio na hakupenda kelele. Maskini, alipata kelele. Kabla sijaondoa kifuniko cha cherehani, wenye kesi walikuwa wamefika na kujipanga kwenye ngazi za duka lake. Kuku wa fulani kala mtama wa fulani. Mwanamke kampita mwenzake kwenye foleni ya sukari. Mume hajarudi nyumbani, na mke anajua alipo. Ukuta wa choo umejengwa nusu hatua ndani ya ua wa jirani, na jirani amekula kiapo kwamba ataubomoa kwa meno. Mhindi alikuwa akitikisa kichwa, anaongeza sauti ya redio.

Watu hudhani msuluhishi ni mtu mwenye subira. Mimi sina subira hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni hamu ya kuona mambo yanaisha ili nirudi kwenye sindano yangu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi kila siku nilikuwa katikati, navutwa huku na huku, jioni najiona nimelegea mwili mzima. Nilikuwa naingia ndani nikivua viatu mlangoni, nikakaa kitandani bila kufungua kitambaa cha kichwa, na hata kula sikutaka.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja, na sikufundishwa na mtu. Wagomvi niliwakalisha kwenye mkeka bega kwa bega, nikaweka ungo wa karanga mbele yao. Menyeni, nawaambia, tutaongea. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu akikaa bila kazi, mikono yake huanza kuhesabu makosa ya mwenzake kidole kwa kidole. Akimenya karanga hawezi. Tena wakimenya pamoja hawatazamani usoni, na maneno mengi ya kweli hutoka mtu akiwa anatazama kitu kingine. Mtaani walinitania kwamba mjumbe anatafuta vibarua wa bure, na hawakukosea sana. Miaka ile mboga yangu haikukosa karanga.

Kesi ninayotaka kuieleza ni ya wanaume wawili waliofanya kazi karakana ya reli. Walipanga vyumba vinavyotazamana katika nyumba moja, na nyumba hiyo ilikuwa katika zile kumi zangu. Mmoja alikuwa Mnyamwezi, mwenyeji wa Kwihara. Mwingine alikuwa Mzaramo, aliletwa Tabora na reli akiwa kijana, akaoa hapa na kuzalia hapa. Wenyewe hawakuitana majina. "We Mnyamwezi," "We Mzaramo," ndivyo walivyoitana, na sisi wote tukafuata.

Watu wa makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, babu za Wanyamwezi walipobeba meno ya tembo kwenda pwani wakapita kwa Wazaramo na njaa yao. Nani alimnyima nani chakula, kila upande una hadithi yake. Kilichobaki ni haki ya kutukanana bila kukasirika, na wajibu wa kuzikana. Mimi ni Mmanyema wa hapa mjini, utani wao haukunihusu, lakini niliusikia kila asubuhi kupitia dirishani. "Mnyamwezi, umeamka au tukuzike?" "Nizike kwenu, niwashibishe, maana mna njaa tangu babu yako." Wanatoka hivyo mpaka karakana, na huko ndiko utani wao ulikofanya kazi hasa. Walikuwa wahunzi. Mnyamwezi alishika chuma chekundu kwa koleo juu ya fuawe, Mzaramo akapiga nyundo kubwa. Nyundo ikipanda, tusi. Ikishuka, tusi linajibiwa. Fomeni wao aliniambia baadaye kwamba hajapata kuona watu wanaofua chuma kwa mpigo sawa kama wale, na kwamba bila matusi nyundo ingewapotea.

Kisha mama yake Mnyamwezi akafa.

Tulikwenda Kwihara watu wengi wa mtaani, wengine kwa baiskeli, mimi juu ya lori la mkaa. Mzaramo alikuwa ametangulia, na tulipofika alikuwa kazini tayari, ile kazi ya mtani msibani. Ameficha sufuria za wapishi. Anapita kati ya waliaji anawakagua: "Wewe unalilia wali, si marehemu. Nyamaza, upishi bado." Watu walicheka huku wanajifuta machozi, na ndivyo inavyotakiwa. Kaburi lilipokuwa tayari akashuka, akalala chali mle ndani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwani mwanamke huyu alikuwa mchumba wake na kamwacha bila kuaga. Jogoo akaletwa. Akasimama mle kaburini, akajitanda kanga ya marehemu, akaanza kumwiga.

Aliigiza kwanza mwendo wake, mkono kiunoni, kidevu juu. Wanawake wa Kwihara wakapiga vigelegele, maana ndivyo alivyokuwa. Halafu akabadilisha sauti. Ikawa sauti ndogo, ya mtu anayetafuta pumzi, na kwa sauti hiyo akamgeukia mwenzake aliyesimama ukingoni.

"Baba," akasema, kama mama anavyomwita mwanawe aliyerithi jina la babu. "Baba, njoo. Njoo nikwambie."

Mnyamwezi akaruka ndani ya kaburi. Akamvua ile kanga kichwani, akampiga kofi ambalo tulilisikia sisi wa nyuma kabisa.

Sijui kama mtu asiye wa huku ataelewa. Kumpiga mtani ni aibu. Kumpiga mtani msibani, ndani ya kaburi, na mama bado yuko juu hajashushwa, hilo wazee wa Kwihara walisema hawajalisikia. Mzaramo hakurudisha. Alipanda, akamwachia jogoo palepale, akachukua baiskeli yake. Tulizika kimya.

Sasa tazama alichojifungia Mnyamwezi kwa kofi lile. Kwa desturi ya ukoo ule, mtani aliyeingia kaburini ndiye hurudi kuondoa tanga. Yeye ndiye hufagia uwanja wa wafiwa, akatupa taka njiani, ndipo wao wananyoa nywele na kurudi kwenye maisha. Asipofagia yeye, msiba haujaisha. Na Mzaramo alisema hafagii. Arobaini ikapita. Dada zake Mnyamwezi wakaendelea kujifunga kaniki za msiba. Mdogo wao wa mwisho alikuwa ameposwa, posa ikasimama, na upande wa bwana harusi ukaanza kukohoa. Uwanja wa Kwihara ukajaa majani, na hakuna aliyethubutu kushika ufagio. Kila Jumapili Mnyamwezi alikwenda kwao akakuta majani yameongezeka na dada zake wamepunguza maneno.

Karakana nako nyundo iligonga koleo. Siku moja ilipita karibu kabisa na vidole vya Mnyamwezi. Kamati ya wafanyakazi ikawaita, ikawasomea umoja na udugu, ikawashikisha mikono mbele ya wote, watu wakapiga makofi. Kesho yake walifua chuma bila neno, na nyundo ikapotea vilevile. Ndipo fomeni akanijia barazani.

"Ndugu mjumbe," akasema, "wakubwa wamechoka. Mwisho wa mwezi kama hali ni hii, mmoja anahamishwa kwenda kituo cha Tura."

"Yupi?"

"Anayepiga. Anayeshika chuma ana ujuzi mrefu."

Nikaelewa. Mzaramo akipelekwa Tura bila kupatana, ule uwanja wa Kwihara hautafagiwa tena. Nikakunja gauni nililokuwa nashona. Nilikuwa na sare za shule za nusu ya mtaa, mgongo unauma, na moyoni nilisema maneno ambayo mjumbe hatakiwi kusema.

Niliwaendea kwanza wazee. Kaka mkubwa wa marehemu, mjomba wake Mnyamwezi, alinipokea vizuri, akanipa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unataka kufanya kesi ya watani. Haipo. Mtani hashtakiwi. Akikukosea hukukosewa. Ukimpiga, hakuna wa kukuhukumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka sheria ya jambo hilo."

"Simshtaki mtu, mzee. Nitawapa karanga wamenye."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Basi wape," akasema. "Mwanangu yule hanyoi. Sasa anafanana na mwizi."

Nilianza na Mnyamwezi peke yake. Alikaa mkekani, ndevu zimemjaa, akamenya kwa nguvu mpaka karanga zinapasuka. Nikamwuliza kwa nini hasa alipiga. Akaanza mbali, na nikamwacha, maana wanaoanza mbali ndio hufika.

Watu walipohamishwa na serikali kutoka kwenye makazi yao ya mashambani kwenda kupangwa kwa mistari kijijini, mama yake alikataa. Alikuwa na shamba, makaburi ya wazee wake, na jiwe la kusagia alilorithi kwa bibi yake. Mnyamwezi aliona lori litakuja tu. Akaona afadhali vyombo vya mama vibebwe na mwanawe kuliko kubebwa na wageni. Akaomba ruhusa kazini, akapanda lori mwenyewe, akamhamisha mama yake kwa mikono yake. Lile jiwe dereva alilikataa, zito mno, likabaki. Mama hakulia. Walipofika kijijini Kwihara akamwambia: "Umenisaidia. Sasa usije mpaka nikuite."

"Hakuniita," Mnyamwezi akasema. "Mimi pia nilikuwa na kiburi. Nikasubiri."

"Na Mzaramo anaingiaje?"

Akaacha kumenya. "Huyo alikuwa anakwenda Kwihara Jumapili, kufuata muhogo. Mama alimpenda kwa matusi yake. Sasa Jumatatu moja, nimeshika koleo, chuma chekundu, akaniambia: 'We Mnyamwezi, mama yako wa Kwihara anakufa, anakuita, nenda kabla hajaanza kunuka.' Mama Mjumbe, huyo ndiye aliyeniambia juma la nyuma yake kwamba mama yangu kaolewa na fisi. Nifanyeje? Nikamjibu: mwambie asubiri mshahara, akifa leo nitamzika kwa jani la mgomba."

"Halafu?"

"Tukacheka. Wote wawili. Tukaendelea na kazi."

Mhindi alipunguza redio, nadhani bila kujua kwamba amepunguza.

"Alichezea kifo cha mama yangu," akasema mwisho. "Alijua anakufa kweli, akanipa kama mchezo. Halafu kaburini akaniletea ile sauti. Mimi ile sauti sijawahi kuisikia. Mama ninayemjua mimi alikuwa na sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto. Mzaramo ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho ya mama yangu, akaivaa kama kanga, watu wacheke."

Jioni ile nililala na viatu.

Mzaramo alikuja kesho yake, akiwa safi, kanzu imepigwa pasi, kama mtu anayekwenda mahakamani. Hakutaka kumenya. Nikamwambia basi aende, mimi nina sare za kushona. Akakaa, akamenya. Nikamweleza alivyosema mwenzake.

"Nilimwambia," akasema. "Mungu shahidi. Mama alinituma nikapeleka."

"Ulipeleka kama utani."

"Ningepeleka vipi?" Sauti yake ilipanda, wateja wa Mhindi wakageuka. "Mama Mjumbe, tangu nimjue mtu yule sijasema naye neno kwa sura ya kweli. Ningemwendea na uso wa huzuni angesema nimelewa. Nilisema kweli kwa mdomo niliokuwa nao. Akacheka. Na akicheka yeye, mimi nacheka, ndivyo tulivyo. Nikajua amesikia. Nikajua Jumapili atakwenda."

Jumapili hakwenda, na katikati ya juma mama akafa.

Nimesuluhisha wezi na walioibiwa, wake wenza, ndugu waliogombea nyumba ya baba yao. Wengi wao niliwachukia wote wawili kwa usawa, na hilo lilinisaidia kuwa mwadilifu. Hawa niliwahurumia, na huruma huchosha kuliko chuki. Hapakuwa na mwenye kosa ambaye ningemwambia aombe radhi. Mmoja alisema kweli na mwingine akacheka, na yote mawili yalikuwa halali.

Niliwaita pamoja Ijumaa alasiri, siku chache kabla ya mwisho wa mwezi. Bega kwa bega, ungo mbele. Kwa muda mrefu ilisikika milio ya maganda tu. Kichwa kiliniuma, na subira sina.

"Mzaramo," nikasema, "mama alikutuma nini? Si ulivyosema karakana. Alivyosema yeye."

"Alisema mengi."

"Mengi yapi?"

Akatazama ungo. "Huyu alinikatiza kwa kicheko na lile jani lake la mgomba. Nilikuwa sijamaliza. Nikasema nitammalizia siku nyingine, chuma kilikuwa kinapoa. Halafu mama akafariki. Nikafikiri, mahali pa kumalizia ni pale kaburini, mbele ya mwenyewe aliyenituma. Ndiyo maana nilivaa ile sauti. Ndiyo sauti aliyonitumia. Nikaanza, nikapigwa."

Mnyamwezi hakuinua macho. Mikono yake tu ndiyo ilisimama.

"Malizia sasa," nikasema. "Na usiige."

"Bila kuiga sijui."

"Jaribu. Watu wote husema bila kuiga."

Alichukua karanga moja, akaigeuza vidoleni, asiimenye. Akasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo nadhani sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. "Alisema: mwambie sina hasira tena ya lile jiwe. Aje nimwone. Na kama hakupewa ruhusa kazini, asijilaumu, mimi ndiye niliyemwambia asije. Mwambie namjua, atajilaumu. Mwambie asijilaumu."

Mnyamwezi akaanza tena kumenya. Akamenya upesi upesi. Nikaona anatia maganda kwenye bakuli na karanga anazitupa mkekani. Naye Mzaramo aliona, akawa anaziokota moja moja na kuzirudisha kwenye ungo.

Baada ya muda Mnyamwezi akasema, "Kwa nini hukunifuata nyumbani ukaniambia kwa adabu?"

"Ungenisikia kwa adabu?"

Akafikiri kweli. "Hapana."

Basi, hapo ndipo ilipoishia, kama kuisha ndiko. Mnyamwezi alikubali kutoa mbuzi kwa lile kofi. Mzaramo alikubali kufagia. Nilikuwa nainuka, magoti yananilia, Mnyamwezi aliposema ana sharti moja. Tangu siku ile, akasema, mwenzake akimletea habari yoyote, yeye atauliza: kweli au utani? Na mwenzake amjibu sawasawa, bila mchezo.

Mzaramo akajipangusa maganda mikononi. "Sawa," akasema.

Nilipaswa kufurahi. Nilikunja mkeka nikijua kuna kitu kimepita mbele yangu na mimi sikukishika, lakini nilikuwa nimechoka, na heri nusu shari kuliko shari kamili.

Siku ya kuondoa tanga nilikwenda Kwihara. Majani yalikuwa yamefika kizingitini. Mtani anapofagia, hufagia vibaya makusudi. Anawatimulia vumbi wakwe, anafagia mpaka miguu ya wazee, anauliza ukoo huu mchafu namna hii uliolewa na nani. Watoto walikuwa wamekaa mstari wa mbele kusubiri. Mzaramo alivua viatu, akashika ufagio, akaanza pembeni kwenda katikati. Akafagia vizuri. Akafagia kwa uangalifu mpaka chini ya kinu, akakusanya taka, akazibeba mwenyewe, akazitupa njiani, akarudi akanawa mikono. "Nimemaliza, ndugu," akamwambia Mnyamwezi. Dada wa marehemu, bibi kizee, akaguna kwamba uwanja haujapata kufagiwa hivyo. Hakuwa anasifu.

Wakanyoa. Msichana akaolewa mwaka uleule, tukala pilau.

Na fomeni akaja kunishukuru. Karakana shwari, akasema. Watu wale sasa ni mfano, hawatukanani tena, wanaitana ndugu. Nyundo wameizoea upya, wanahesabu kwa sauti, moja, mbili. Nami niliwasikia asubuhi dirishani. "Habari za asubuhi, ndugu." "Nzuri, ndugu. Za kwako?" Wakifunga milango yao inayotazamana, wanatoka mmoja nyuma ya mwenzake. Mara moja tu nilimsikia Mzaramo akijaribu. "Ndugu," akasema, "paa lako linaungua." Mnyamwezi akasimama. "Kweli au utani?" "Utani," Mzaramo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa. Hakujaribu tena.

Watu walinisifu sana kwa kesi ile. Walikuja kutoka mitaa mingine kutafuta mama wa karanga. Maji yakimwagika hayazoleki, nilitaka kuwaambia. Nilichofanya mimi ni kuanika mahali palipolowana.

Baadaye Mzaramo alihamishwa Tura hata hivyo, bila ugomvi wowote, kwa sababu tu kulikuwa na nafasi. Walipeana mikono kituoni. Mimi nilimaliza muhula wangu, wakanichagua tena, nikamaliza na huo, nikakataa wa tatu kwa maneno yangu yote niliyoyabana miaka mingi.

Mnyamwezi alifariki akiwa amestaafu, mvi kichwani, wajukuu tele. Alizikwa Kwihara karibu na mama yake. Nilikwenda, mzee sasa, nikiwa nimeshikwa mkono na binti wa dada yangu. Vijana wa Kizaramo wa mjini walikuwapo, wanajua utani kidogo, wanapiga makelele zaidi ya inavyohitajika. Jeneza lilikuwa limeshawekwa ukingoni mwa kaburi, watu waliponong'ona na kupisha njia. Mzaramo alikuwa amefika kwa treni. Amekonda, fimbo mkononi, kanzu imepigwa pasi.

Walimsaidia kushuka kaburini. Tukangoja adai jogoo. Alisimama mle ndani, jeneza likiwa usawa wa kifua chake, akagonga ubao kwa vidole, kama anayepiga hodi.

"We Mnyamwezi," akasema.

Sikuwa nimemsikia akimwita hivyo tangu siku ya kofi.

"Kweli au utani?"

Vijana wakacheka sana, wakidhani utani ndio unaanza. Yeye hakucheka. Aliinamisha sikio karibu na ubao, akasubiri, akasubiri hadi kicheko kikafa chenyewe na watu wakaanza kutazama chini. Jogoo akaletwa bila kudaiwa, hakumwangalia. Mimi niliyewapatanisha nilikuwa nimesimama pale ukingoni na miguu yangu mibovu, na nilitamani mtu amjibu.